Jicho Jeupe la Samaki: Maneno kwa Wafugaji wa Tetu

Wafugaji wenzangu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwahi kupima tilapia na kambare wa mabwawa ya Nyeri, wakakuta vimelea. Wa kuogopwa sana ni diplostomu. Ndege mla samaki hunya majini; mayai huanguliwa, kimelea huingia kwenye konokono, kisha hutoka na kupenya samaki mpaka jichoni. Samaki kipofu haoni chakula, nasi twalaumu chakula!

Fyekeni nyasi za ukingoni, konokono hujificha humo. Tandazeni wavu juu ya bwawa. Mkishavuna, kausheni bwawa hadi udongo upasuke, mtie chokaa.

Mkiona jicho jeupe, leteni samaki akiwa hai kwa afisa wa uvuvi. Aliyekufa jana hatusaidii sana chini ya hadubini.