Nchi Jirani: Ushahidi wa Mawe ya Namoratunga



Mazungumzo yetu ya leo yanatupeleka kaskazini mwa Kenya. Karibu na Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, zimesimama nguzo 19 za mawe ya volkano. Waturkana hupaita Namoratunga, yaani watu wa mawe. Yasimuliwa kwamba hao walikuwa wacheza ngoma waliogeuzwa mawe.

Mwaka 1978 wataalamu Lynch na Robbins walitangaza kwamba nguzo hizo zilipangwa kuelekea mawio ya nyota ambazo Waborana huzitumia kuhesabu mwaka wao wa siku 354. Kilimia ni miongoni mwa nyota hizo. Walikadiria kuwa kazi hiyo ilifanywa yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Lilikuwa jibu kali kwa wale waliodai kuwa Mwafrika hakuwa na elimu kabla ya kuja wageni.

Lakini mwaka 1982 mtaalamu Robert Soper alionyesha kasoro. Vipimo vilichukuliwa kwa dira, na mawe yale yana usumaku. Askari yeyote aliyefunzwa kusoma ramani anajua jinsi dira inavyodanganya karibu na chuma. Mabishano yakaendelea. Uchimbaji wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba nguzo za namna hiyo kandokando ya ziwa zilisimamishwa na wafugaji wa kwanza, kiasi cha miaka 5,000 iliyopita, mahali pa kuzikia wafu wao. Katika eneo moja, Lothagam Kaskazini, walizikwa watu wasiopungua 580.

Je, Waborana wamepungukiwa? Hata kidogo. Elimu yao ya anga haitegemei nguzo hizo. Imerithishwa kwa midomo na macho, kizazi hata kizazi.

Basi funzo letu ni lipi? Ni kwamba hoja hizi zote ziliweza kupimwa na kusahihishwa kwa sababu mawe yangali mahali pake. Polisi afikapo penye tukio haruhusu kitu kuguswa. Mkataba wa Hague wa mwaka 1954 nao unazitaka nchi zilizouridhia kulinda mali ya utamaduni hata wakati wa vita. Jiwe moja likihamishwa, shahidi mmoja amenyamazishwa, wala hakuna amri itakayomrudishia kauli.

Ndugu askari, alindaye urithi wa namna hii analinda haki ya wajukuu kuutafuta ukweli.