MANENO YA KATIBU WA TAWI, JAMBIANI: MGENI ANANUNUA KABLA HAJASHUKA NDEGE

Haya ndiyo niliyoyasema mkutanoni jana. Nayatuma kwa ambao hawakuwahi kufika.

Nilianza kwa swali: mgeni anayelala Jambiani leo, fedha zake alizitoa wapi? Viza ya dola 50 ameilipia mtandaoni. Bima ya dola 44, ambayo kwa wageni wa nje wanaokuja Zanzibar ni lazima tangu tarehe 1 Oktoba 2024, nayo mtandaoni. Chumba, mtandaoni. Mara nyingi hata safari ya ngalawa ameshaichagua kwa kusoma waliyoyasema wageni waliotangulia. Akishuka ndege, mfuko wake umeshagawanywa. Kijana wetu anayemfuata ufukweni anagombania chenji, na bado tunamwita papasi.

Ngalawa ni zetu, mwamba tunaujua sisi, mwani wanalima mama zetu. Lakini anayeuza ni mwenye simu mjini, na nahodha analipwa kilichobaki.

Na mimi sijitoi. Mwaka jana nilitia vyumba vyangu viwili mtandaoni, nikaona kazi imekwisha. Bando likaniishia, sikujibu ujumbe siku mbili, mgeni akaenda kwengine. Mwengine alikuja chumba chake nimeshampa mtu, kwa sababu sikuifunga kalenda. Aliandika aliyoyaandika, na yanasomwa mpaka leo. Nilijifunza kuwa mtandao si kibao cha kutundika barabarani ukaenda zako. Ni duka, na duka linataka mtu wa kukaa.

Kwa hiyo tumekubaliana: kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, mafunzo ofisi ya Tawi. Vijana wetu wanaojua watawafundisha wakubwa wao, na bando litalipwa na mfuko wa Tawi. Tutaanza na haya:

1. Kuiweka biashara yako kwenye ramani ya Google.
2. Kupiga picha ya chombo chako mwenyewe, si cha jirani.
3. Kujibu ujumbe siku hiyo hiyo, kwa Kiingereza kifupi.
4. Kusoma makato kabla ya kukubali. Safari ya dola 50 ikikatwa asilimia 20 unabaki na 40, na baharia hujamlipa.
5. Akaunti iwe kwa namba yako, na nywila usimpe mtu, hata mimi. Wapo waliofunguliwa ukurasa kwa namba ya mtu mwengine. Walipogombana, akaondoka nao.

Mwenye kutembeza wageni bila kibali cha Kamisheni ya Utalii naye asijifiche. Aje tumsaidie kukiomba.

Njooni na simu zenu zikiwa na chaji. Jirani asiye na kadi ya Chama mwiteni pia; bahari tunayoivua ni moja.

Katibu wa Tawi