Vakanse si Wakati wa Kufunga Labo
Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi, Kisangani



Leo hatukuja kusema juu ya uchaguzi wala juu ya mtu fulani. Tumekuja kusema juu ya mlango mmoja: mlango wa labo ya kemia wakati wa vakanse.

Tunajua vile vakanse inapitaka hapa kwetu. Mitihani ikiisha, labo inafungwa, funguo inalala. Mwanafunzi wa licence anarudia kuuza kredi ya simu, ao kupakia watu kwa toleka, juu anatafuta feza ya kulipa masomo ya mwaka unaokuja. Kazi hizo si haya, ni jasho lake. Lakini mtu anasoma kemia miaka mitatu, na kupima asidi tone kwa tone anakuona zaidi kwa ubao kuliko kwa mkono wake. Halafu siku ya diploma tunamwita mtaalamu.

Kwingine wanafanya namna gani? Marekani, tangu 1987, NSF, shirika la serikali linalolipia utafiti, liko na programu ya wanafunzi ambao hawajamaliza digrii ya kwanza. Kwa karibu wiki 10 za vakanse, mwanafunzi anaingia katika labo, anapewa swali la kweli, mtu wa kumwongoza, na posho. Hiyo posho ndiyo siri ya mambo. Bila posho, labo inabaki ya watoto wa wenye nazo.

Na mtu asituambie Kisangani iko mbali na sayansi. Chuo kikuu cha hapa kilianza 1963, kikaingizwa katika UNAZA 1971, na tangu 1981 kinaitwa Chuo Kikuu cha Kisangani. Karibu kilomita 100 ukiteremka mto, uko Yangambi, ambako utafiti wa kilimo ulianza zamani, na leo kuna mnara wa mita 55 unaopima gesi ya kaboni ambayo msitu unavuta na kutoa. Wageni wanavuka bahari kuja kupima hewa yetu. Vizuri, wakaribie. Lakini mtoto wa Tshopo naye ashike chombo.

Sasa mtatuuliza: vuguvugu la raia linatafuta nini katika mambo ya chupa na asidi?

Tunatafuta maji. Kipindupindu cha 2011 kilianzia hapa Kisangani mwezi wa tatu, kikateremka na mto pamoja na mashua, mwezi wa sita kikawa Kinshasa. Na kule Banalia, watu wamelalamika juu ya mashine za kuchimba zahabu ndani ya Aruwimi. Pahali pengi wachimbaji wanatumia zebaki kukamata zahabu. Zebaki ikiingia mtoni, inageuka, inapanda ndani ya samaki, na sisi tunakula samaki. Wajapani wa Minamata waliyaona hayo: ugonjwa ulitambuliwa 1956, sababu ilikuwa zebaki ya kiwanda, na mkataba wa dunia wa 2013 unabeba jina la mji wao.

Sisi vijana tunajua kuandamana. Lakini tukifika mbele ya mkubwa na kusema "maji ni mabaya", atatuuliza: mabaya kiasi gani, wapi, tangu lini? Hapo bango halitoshi. Inahitajika namba.

Na namba nyingine hazihitaji mashine ya bei kali. Chukueni nitrati, ambayo inaweza kutoka choo kilichochimbwa karibu na kisima. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, isizidi. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga inaweza kushindwa kubeba hewa. Na wamama wasikie vizuri: kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini nitrati haiondoki. Wanafunzi wawili, visima kumi, kila wiki, vakanse nzima: hapo tuko na ramani ambayo leo hatuna.

Lakini tusikilizane. Chupa moja si ushahidi. Kila maji yapimwe mara tatu, na pembeni pawe maji safi ya kulinganisha. Kisima kikionekana kizuri, tutatangaza kwamba ni kizuri, hata kama tulikuwa tumeshaandika mabango. Tukificha namba ambazo hazitupendezi, tutakuwa sawa na wale tunaowapinga.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

1. Chuo kifungue labo wakati wa vakanse, hata siku tatu kwa wiki, na asista mmoja wa zamu.

2. Serikali ya mkoa na wafanyabiashara wa mji walipe posho kidogo: usafiri na chakula cha mwanafunzi, na majina ya waliochaguliwa yabandikwe ukutani, kila mtu aone.

3. Paneli za jua kwa labo. Kituo cha umeme cha mto Tshopo ni cha miaka ya 1950, na giza yetu mnaijua. Friji ya kutunza sampuli haiwezi kungojea.

4. Miwani, glavu na maji ya kunawa macho kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa. Hatutaki utafiti unaochoma mtu.

Na ninyi wanafunzi, msingoje barua ya jibu. Wiki hii, kila auditoire ichague watu wawili. Waandike visima vya avenue yao: kirefu kiasi gani, choo kiko hatua ngapi, watu wangapi wanachota. Kazi hiyo inahitaji daftari na miguu tu. Labo ikifunguliwa, tutaingia tukiwa na maswali tayari. Ikibaki imefungwa, tutapeleka daftari hizo kwa wakubwa, na kuwauliza mbele ya wote kwa nini hawataki kujua watu wanakunywa nini.