Kijana, Ngitili na Sauti Yake
(Hotuba iliyotolewa Nkololo katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya vijana na mabadiliko ya tabianchi. Naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Marehemu baba aliniachia ngitili. Kwa wageni wetu, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua, ili mifugo ipate majani wakati wa kiangazi. Mimi msomi nilikata migunga yote nikalima pamba. Misimu ya kwanza nilivuna vizuri. Kisha maji ya mvua yakachukua udongo, na kiangazi kikanikuta nanunua majani ya kulisha ng'ombe ambao baba aliwalisha bila kutoa hata senti.

Kosa hilo halikuwa langu peke yangu. Enzi ya ukoloni misitu mingi ya Usukuma ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, na baadaye mingine ikapisha mashamba ya pamba. Mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mradi huo haukuleta maarifa mapya tu. Ulirudi kwa wazee ukauliza habari za ngitili. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Sheria zake zililindwa na dagashida na sungusungu wa vijiji. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa nawageukia ninyi vijana. Januari 2019 binti wa Uganda, Vanessa Nakate, alisimama barabarani mjini Kampala akiwa na bango, pamoja na ndugu zake wachache, kudai hatua juu ya tabianchi. Mwaka mmoja baadaye, huko Davos, Uswisi, alipigwa picha na wenzake wanne wa Ulaya. Shirika moja la habari likatoa picha hiyo likiwa limemkata yeye, Mwafrika pekee. Hakunyamaza. Alilalamika hadharani, na shirika likaomba radhi.

Wako wazee wenzangu wanaosema kazi ya mwanafunzi ni kusoma, si kupiga kelele. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Afrika nzima hutoa karibu asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa duniani, lakini mvua ikichelewa ni mkulima wa hapa Nkololo anayepanda mara mbili. Mtu anayeumizwa na jambo asilolifanya ana haki ya kusema. Tukikaa kimya, tutakatwa katika picha.

Hata hivyo, sauti peke yake haitoshi. Tukiwadai wakubwa wa dunia wapunguze moshi wao huku sisi tukikata mti wa mwisho kwa ajili ya mkaa, watatucheka. Kijana wa Nkololo ana kazi mbili: kusema na kulinda. Asiyeifanya moja ataidhoofisha nyingine.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa ombi. Uongozi wa shule na serikali ya kijiji watenge kipande cha ardhi kiwe ngitili ya wanafunzi. Wanafunzi wenyewe watunge sheria zake, wapime mvua kila msimu na kuandika daftari. Siku watakapokwenda mbele ya wakubwa, wawe na daftari hilo mkononi. Sisi tuliotangulia tuchangie vifaa.

Mimi nimekwisha kufunga ekari mbili za shamba langu. Sikupanda kitu. Visiki nilivyodhani vimekufa vimeanza kuchipua. Wanafunzi, karibuni mje mwone.