Mtoto Asiyeona na Malezi Yake Nyumbani
Maneno kwa Wakristu na walimu, wakati wa Jubilei



Wapenzi Wakristu, nanyi walimu wetu, katika siku hizi za Jubilei twakumbuka kazi iliyoanza Peramiho mwaka 1898, walipofika wamisionari Wabenedikto. Yalijengwa makanisa, zikajengwa shule, ikajengwa na hospitali. Yatupasa kushukuru. Lakini yatupasa pia kuuliza: mtoto asiyeona amepata fungu gani katika baraka hizo?

Shule ya kwanza ya vipofu katika Tanganyika ilianzishwa na Kanisa la Anglikana huko Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Baadaye zikafuata nyingine, kama Furaha ya Tabora na Irente ya Lushoto. Ni neema kubwa. Walakini shule humpokea mtoto akiwa na miaka sita au saba, na miaka ile ya kwanza haimngoji mwalimu. Shule ya kwanza ya mtoto asiyeona ni mgongo wa mama yake, na jiko, na uwanja wa nyumba.

Kwanza tuondoe neno la aibu. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Bwana alikataa: si yeye, wala si wazazi wake. Basi sisi ni nani hata tumfiche mtoto chumbani kwa kuogopa maneno ya majirani?

Pili, tufahamu jambo linalowapoteza wazazi wengi. Mtoto aonaye huinua kichwa amtazame kuku apitaye, kisha hutambaa kumfuata. Asiyeona hana mvuto huo. Sauti humjia, lakini bado hajui ya kuwa nyuma ya sauti kuna kitu kinachoshikika. Kwa hiyo huchelewa kutambaa na kutembea, ijapokuwa miguu yake ni mizima. Tena asikiapo sauti ya mama hutulia kimya, wala hageuzi uso. Mama hudhani mtoto hamjali, akaacha kumsemesha. Kumbe mtoto alikuwa akisikiliza kwa moyo wote! Hapo ndipo hasara huanza. Wala si upofu ulioileta, bali kuachwa.

Tufanyeje basi? Tumsemeshe. Kabla ya kumwinua tumtaje jina, asishtuke. Tumlaze kifudifudi kifuani petu, shingo ipate nguvu. Tumwite kutoka hatua mbili, kisha tatu, naye akifika tumpokee kwa furaha. Vyombo vya nyumba viwe na mahali pasipobadilika, apate kuvijua. Moto na kisima tuvizuie; lakini tusimkataze kutembea kwa sababu ataanguka, maana hakuna mtoto aliyejifunza kutembea pasipo kuanguka.

Mikono yake ndiyo macho yake. Tusiikamate na kuivuta; tuweke mkono wetu chini ya wake, naye afuate mwenyewe. Mama anapotwanga mahindi, mtoto aushike mchi, apapase kinu, auguse unga, kisha aonje ugali. Mwenzake hujifunza hayo kwa kutazama tu. Huyu akinyimwa, kwake ugali hutoka hewani. Na akikua kidogo apewe kazi kama wenzake: kuchambua maharage, kuosha bakuli, kupeleka kiti kwa mgeni.

Wala tusisahau hospitali. Mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, apelekwe mara moja. Huenda ni mtoto wa jicho, ambao hutakiwa kupasuliwa mapema. Huenda ni uvimbe unaoweza kumwua. Tusitie dawa za majani machoni, maana zimeharibu macho mengi. Chanjo ya surua katika mwezi wa 9 na wa 18, pamoja na matone ya vitamini A, huyakinga macho ya watoto wetu.

Nanyi walimu, mkumbukeni Louis Braille. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, na alipokuwa na miaka mitatu alijiumiza jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, mtengeneza matandiko ya farasi. Hatimaye akapofuka macho yote mawili. Wazazi wake hawakumketisha pembeni. Padre wa parokia alimfundisha, na mwalimu wa kijiji akampokea darasani pamoja na watoto waonao. Mwaka 1819 alikwenda shule ya vipofu mjini Paris, na kufikia mwaka 1824, kijana wa miaka 15, alikuwa ametengeneza maandishi ya nukta yasomwayo leo kwa vidole duniani kote. Asingalifika Paris akiwa tayari kujifunza, kama nyumba na parokia yake zingalimwacha.

Katika Maandiko, Jubilei ni mwaka wa kuwafungulia waliofungwa. Basi kila jumuiya na iulize katika nyumba zake, kwa upole na pasipo kulaumu: je, yuko mtoto aliyefungiwa ndani kwa sababu haoni? Akiwapo, twende tukamsalimu kwa jina lake, tukampe mkono, tumtoe uwanjani kwenye jua na sauti za wenzake. Mungu awabariki.