Mpaka wa Urais: Desturi ya Washington na Maandishi Yetu



Tumeombwa tuzungumze juu ya marais wa Marekani waliokwisha kuondoka, na jinsi mifano yao ilivyowabana waliowafuata. Tumechagua jambo moja: muda wa kukaa kitini.

George Washington alishika urais mwaka 1789. Katiba ya wakati ule haikumwekea mpaka. Angeweza kuchaguliwa tena na tena hadi kufa. Lakini baada ya vipindi viwili vya miaka minne aliwaandikia wananchi waraka wa kuwaaga, Septemba 1796, na Machi 1797 akarejea shambani kwake Virginia. (Shamba hilo lililimwa na watumwa; hatumfanyi malaika.) Thomas Jefferson ndiye aliyeigeuza hiari hiyo kuwa desturi. Alipoombwa mwaka 1807 agombee tena, alikataa, akautaja mfano wa Washington. Ulysses Grant, jemadari aliyeshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe, alijaribu kurudi kwa kipindi cha tatu mwaka 1880. Wajumbe wa chama chake walipiga kura mara 36 mjini Chicago, na mwishowe wakamteua James Garfield.

Katika waraka ule ule Washington aliwaonya watu wake juu ya hamaki za vyama. Hoja ya namna hiyo twaijua sana sisi tulioishi chini ya chama kimoja cha kisheria tangu 1982. Lakini Washington alionya tu, hakupiga marufuku. Mwaka 1801 John Adams, aliyeshindwa katika uchaguzi, alimwachia madaraka Jefferson wa chama pinzani, wala damu haikumwagika.

Desturi ile ilidumu hadi 1940. Dunia ikiwa vitani, Franklin Roosevelt alichaguliwa mara ya tatu, na mwaka 1944 mara ya nne. Alifariki Aprili 1945 angali rais. Mwaka 1947 Bunge la Marekani likapitisha badiliko la 22 la katiba, nayo majimbo yakaliidhinisha mwaka 1951: asichaguliwe mtu kuwa rais zaidi ya mara mbili. Wapo waliosema ni kisasi cha Republican dhidi ya marehemu. Pengine. Hata hivyo, wa kwanza kufungwa nalo alikuwa Dwight Eisenhower, Republican mwenzao.

Sisi hatukupata Washington wa kutuanzishia desturi. Rais wetu wa kwanza alifia madarakani mwaka 1978. Ndiyo maana tulianza na maandishi: kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, na mwaka 1992 mpaka wa vipindi viwili vya miaka mitano ukaingizwa katika katiba. Desemba 2002 Daniel arap Moi aliondoka kwa mujibu wake, baada ya miaka 24. Katiba ya 2010 iliuhifadhi katika ibara ya 142.

Na bado wamekuwapo wa kuugusa. Mwaka 2024 mswada wa kurefusha kipindi kuwa miaka 7 ulifika Seneti, ukapingwa vikali na wananchi. Atakayeleta mwingine na atueleze ni desturi gani itakayomzuia yeye, ikiwa ile ya Wamarekani, yenye umri wa zaidi ya miaka 140, ilivunjwa kwa uchaguzi mmoja.

Ibara ya 255 yataka badiliko lolote la muda wa rais lipelekwe kwenye kura ya maoni. Tunaliomba kila tawi lizisome ibara hizi mbili kwa sauti mkutanoni, kwa lugha inayoeleweka na wazee wa mahali pale.