Ndege Ikichelewa, Dai Fidia

Msikilizaji, umepanda ndege Amsterdam au Paris, unarudi Nairobi au Dar es Salaam. Ndege inachelewa. Mnafika mkiwa mmechelewa kwa saa nne au zaidi. Una haki ya kudai fidia.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inamlinda kila abiria anayeanza safari katika nchi za umoja huo, hata kama ndege ni ya Afrika au ya Ghuba. Uraia wako hauulizwi. Kwa safari ndefu kama hiyo, fidia ni euro 600.

Dhoruba haina fidia, ingawa chakula na malazi bado ni haki yako. Lakini hitilafu ya kawaida ya mitambo ina fidia. Wengi huambiwa haina, wakakata tamaa. Wewe usikate tamaa.

Tunza tiketi na pasi ya kupandia ndege. Uliza sababu ya kuchelewa, uiandike. Kisha liandikie shirika la ndege, udai fidia. Wakikupa vocha, unaweza kuikataa na kudai fedha. Wakikataa kulipa, peleka malalamiko kwa mamlaka husika ya nchi ulikopandia ndege.